Matufe ya Mbinguni katika Lugha ya Tamthiliya za Shakespeare na Wenzake

Mtahiniwa anayesoma tamthiliya za Shakespeare, iwe kwa Kiingereza au katika tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere, hukutana na nyota kila baada ya kurasa chache. Nyota zinachomoka mahali pake, nyota zinaimba, mwezi unaisogelea dunia, mfalme anaapa kwa mizunguko ya mbinguni. Watahiniwa wengi huandika kwamba "mwandishi ametumia nyota ili kupamba lugha", kisha wanahamia hoja nyingine. Sentensi hiyo si ya uongo, ila haina alama ndani yake, kwa sababu inaweza kuandikwa juu ya kitabu chochote. Kwa mtazamaji wa London wa mwaka 1600 nyota hazikuwa pambo. Zilikuwa sehemu ya mtambo mkubwa aliodhani unamzunguka mchana na usiku, na mhusika aliposema nyota imetoka mahali pake, mtazamaji alisikia kwamba mtambo umeharibika.

Sura hii inaeleza kwanza mtambo huo ulivyodhaniwa kufanya kazi, halafu inaonyesha namna ya kuutumia katika uchambuzi. Soma sehemu ya kwanza polepole hata kama itakukumbusha kipindi cha Jiografia. Usipoielewa, sehemu ya pili haitakaa kichwani.

1. Ulimwengu ulivyodhaniwa kuwa

Weka kando kwa muda yale uliyofundishwa kuhusu mfumo wa jua. Katika picha ya zamani, dunia imesimama katikati ya ulimwengu na haisogei. Kuizunguka kuna matufe makubwa yenye uwazi, moja ndani ya jingine, kama maganda ya kitunguu. Yameumbwa kwa kitu safi sana, kiangavu kuliko kioo, ndiyo maana macho yetu yanapita bila kuyaona. Kila sayari imepachikwa katika tufe lake kama kito katika pete. Haitembei yenyewe. Tufe ndilo linalozunguka na kuibeba.

Ukianzia duniani kwenda juu, utaratibu ni huu: Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Tazama mambo mawili. Mwezi na Jua vyote vimehesabiwa kuwa sayari. Pia orodha inaishia kwenye Zohali, kwa kuwa sayari zilizo mbali zaidi hazikuwa zimegunduliwa. Uranus iligunduliwa mwaka 1781 na Neptune mwaka 1846. Juu ya Zohali kuna tufe la nane, lenye nyota zote zisizobadilisha nafasi kati yao. Juu yake wengi waliweka tufe jingine lililoyazungusha yote yaliyo chini, na nje kabisa ni makao ya Mungu. Waandishi hawakukubaliana juu ya idadi. Wapo waliohesabu nane, wapo tisa, wapo kumi. Usipoteze muda wa mtihani kubishana kuhusu hilo.

Msingi wa picha hii ni Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 K.K. Aliyeikokotoa kwa hesabu kamili ni Ptolemy, aliyefanya kazi Alexandria nchini Misri katika karne ya 2 B.K. Kitabu chake kilihifadhiwa, kikajadiliwa na kukosolewa na wataalamu walioandika kwa Kiarabu kabla Ulaya haijakisoma upya, na hata jina kinachojulikana nalo, Almagest, limepitia Kiarabu. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Majina Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali yote yametufikia kutoka Kiarabu. Neno letu falaki nalo linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tufe au njia ya mzunguko wa nyota. Kwa hiyo unaposema "elimu ya falaki" unataja matufe bila kujua. Lakini usichanganye jambo hili na usemi wa mbingu saba unaoujua kutoka mafundisho ya dini. Hesabu ya Ptolemy ilikuwa ya kueleza mwendo wa sayari.

Mpaka muhimu kuliko yote katika picha hii ni tufe la Mwezi. Chini ya Mwezi kila kitu kimetengenezwa kwa asili nne, yaani udongo, maji, hewa na moto. Asili hizo hugombana, ndiyo maana huku kwetu kuna kuoza, ugonjwa, uzee na kifo. Juu ya Mwezi kuna asili ya tano iliyo safi. Huko hakuna kinachozaliwa wala kufa. Kuna kuzunguka tu, milele, kwa mwendo uleule. Wafuasi wa Pythagoras waliongeza kwamba matufe yanapozunguka hutoa sauti, kila moja sauti yake, na zote kwa pamoja hufanya muziki mkamilifu. Sisi hatuusikii. Imani ya mwisho ni kwamba kila sayari humwaga nguvu fulani juu ya watu: Mirihi huleta hasira na vita, Zuhura mapenzi, Zohali uzito wa moyo na huzuni.

Je, Shakespeare hakujua kwamba dunia huzunguka jua? Copernicus alichapisha hoja hiyo mwaka 1543, na mwaka 1576 Mwingereza Thomas Digges aliieleza kwa Kiingereza. Mwaka 1572 nyota mpya ilionekana mahali ambapo, kwa mujibu wa Aristotle, hakuna kipya kinachoweza kutokea. Mwaka 1577 Tycho Brahe alipima kimondo chenye mkia akaona kwamba kiko juu ya Mwezi, mahali ambapo matufe yangepaswa kukizuia. Galileo, aliyezaliwa mwaka 1564 kama Shakespeare, alichapisha mwaka 1610 yale aliyoyaona kwa darubini. Kwa hiyo tamthiliya nyingi tunazozisoma ziliandikwa wakati picha ya kale imeanza kupasuka lakini bado ndiyo inayotumika katika maongezi. Si ajabu. Wewe mwenyewe unajua dunia ndiyo inayozunguka, na bado asubuhi unasema jua limechomoza.

Jengo la maonyesho nalo lilifundisha picha hiyo. Katika Globe, ukumbi uliojengwa London mwaka 1599, paa lililofunika jukwaa liliitwa mbingu, na nafasi iliyokuwa chini ya sakafu ya jukwaa ilitumiwa kama kuzimu. Mwigizaji alisimama katikati. Alipotaja nyota aliinua mkono kuelekea mbingu iliyokuwa juu yake palepale, na huo ni ushahidi mzuri unapoulizwa kuhusu uhusiano wa lugha na jukwaa.

2. Kutoka falaki kwenda uchambuzi

Anza na tamathali rahisi zaidi: nyota kutoka katika tufe lake. Katika Hamlet, mzimu wa mfalme unamwambia mwanawe kwamba angemsimulia mateso anayoyapata, macho ya kijana yangechomoka kama nyota zinazoacha matufe yake. Wengi huishia kwenye tashibiha ya macho na nyota kwa kuwa vyote hung'aa. Twende mbele. Tundu la jicho ni tufe, na jicho ni nyota iliyopachikwa ndani yake. Kwa mujibu wa falaki ya zamani nyota haiwezi kabisa kuchomoka. Mzimu unamwambia Hamlet kwamba yaliyotokea Denmark, ndugu kumuua ndugu na kutwaa kiti chake, ni ya aina ileile ya mambo yasiyowezekana. Katika tamthiliya hiyohiyo muuaji, Claudius, anaeleza kwamba hawezi kuishi mbali na malkia, kama nyota isivyoweza kwenda nje ya tufe lake. Ziweke tamathali hizo mbili pamoja. Aliyevunja utaratibu wa ulimwengu anajilinganisha na nyota tiifu! Hiyo ni kejeli, na ukiionyesha kwa ushahidi wa pande zote mbili utakuwa umefanya uchambuzi.

Antony, katika Antony na Cleopatra, analitumia wazo hilo juu ya bahati yake. Baada ya kushindwa vitani anasema nyota njema zilizokuwa zikimwongoza zimeyaacha matufe yake tupu na moto wake umeangukia kuzimu. Sisi nasi husema nyota ya fulani imezima. Tofauti ni kwamba Antony hasemi nyota imezima. Anaona tufe likiendelea kuzunguka bila kitu ndani yake, na huo ni upweke mkubwa zaidi.

Tamathali ya pili ni utaratibu wa ngazi. Mfano mkuu ni hotuba ya Ulysses katika Troilus na Cressida. Wagiriki wamepiga kambi mbele ya Troy miaka saba bila ushindi, na shujaa wao Achilles amejifungia hemani akiwadhihaki wakubwa zake. Ulysses anasema mbingu zenyewe, sayari na dunia iliyo katikati hushika vyeo na nafasi zake, na Jua limekaa kama mfalme katikati ya wenzake. Rudi kwenye orodha ya sayari uhesabu: Jua ni la nne, lina tatu chini na tatu juu. Kumbe "katikati" hapa si katikati ya ulimwengu kama alivyosema Copernicus. Ni katikati ya safu. Ulysses anaendelea kwamba sayari zikikosa utaratibu huja tauni, tufani na matetemeko, na katika jamii watoto huwapiga wazazi.

Hotuba hii hunukuliwa sana kama imani ya Shakespeare kuhusu jamii. Mimi sikubaliani, na ningekushauri uwe mwangalifu. Mara tu baada ya kusifu vyeo, Ulysses huyohuyo anapanga hila ya kumpandisha Ajax juu ya Achilles kwa kura ya ujanja ili wivu ufanye kazi. Anayehubiri utaratibu ndiye anayeuchezea. Tenganisha sauti ya mhusika na msimamo wa mwandishi. Hili ni kosa linalowanyima alama hata watahiniwa wazuri.

Muziki wa matufe unakuja katika tendo la mwisho la Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969. Kesi imekwisha. Shylock amepoteza mali, heshima na dini yake. Mandhari inahamia Belmont, usiku wa mbalamwezi, ambapo binti yake Jessica ameketi na Lorenzo, kijana aliyetoroka naye. Lorenzo anamwonyesha anga na kumwambia kwamba hakuna hata nyota moja isiyoimba kama malaika katika mwendo wake, ila sisi hatusikii kwa sababu tumefungwa ndani ya mwili unaooza. Sasa unaelewa mwili unaooza ni nini: ni asili nne za chini ya Mwezi.

Swali la kujiuliza ni kwa nini maneno haya yamewekwa hapa, dakika chache baada ya mahakama. Wapo wanaosema ni maridhiano, kwamba ugomvi umekwisha na ulimwengu umepata ulinganifu tena. Lakini soma jibu la Jessica. Wanamuziki wanapoanza kupiga, yeye anasema kwamba muziki mtamu haumfurahishi kamwe. Hataji baba yake. Hana haja. Ulinganifu upo juu, kule ambako hakuna binti anayemkimbia mzazi, na Lorenzo mwenyewe amekiri kwamba hakuna mwanadamu anayeweza kuusikia. Ukitetea mtazamo wa kwanza au wa pili utapata alama, mradi umtumie Jessica kama ushahidi na usimruke.

Yupo mhusika mmoja anayeusikia. Ni Pericles, anapompata binti yake Marina aliyedhani amekufa. Anauliza walio karibu kama wanasikia muziki wa matufe, wao hawasikii. Linganisha baba huyu na Shylock kama unatafuta hoja ya kuunganisha tamthiliya mbili.

Tumia muda wako mwingi zaidi kwa Doctor Faustus ya Christopher Marlowe, kwa kuwa hapo matufe yanabeba uhai wa mtu. Faustus, msomi wa Ujerumani, ameuza roho yake kwa shetani ili apate maarifa na uwezo kwa miaka 24. Mapema katika tamthiliya anamhoji Mephistopheles kuhusu mbingu: yako matufe mangapi, yanazungukaje? Anajibiwa kwamba ni tisa, na wanatajiana muda wa sayari kuzunguka: Zohali miaka 30, Mshtarii 12, Mirihi 4, Jua, Zuhura na Utaridi mwaka 1, Mwezi siku 28. (Mirihi kwa kweli hutumia siku 687 hivi, si miaka 4.) Faustus anakasirika. Anasema hayo ni mambo ya wanaoanza shule, hata mtumishi wake Wagner anayajua. Halafu anauliza ni nani aliyeumba ulimwengu, na Mephistopheles anakataa kujibu. Ameuza roho na kulipwa somo alilokuwa nalo tayari.

Miaka 24 inapita. Usiku wa mwisho saa inagonga tano, na imebaki saa moja kabla ya mashetani kuja kumchukua. Faustus anayaomba matufe yasimame ili wakati ukome na saa sita isifike kamwe. Elewa ombi hili kwa falaki ya wakati ule. Kwake yeye wakati si mishale ya saa ukutani. Mchana na usiku huja kwa sababu tufe la nje linazunguka na kuyaburuta mengine yote, Jua likiwemo. Matufe yakisimama, Jua litabaki lilipo na usiku wa manane hautafika. Ombi lake ni la kisayansi kabisa kwa kipimo cha zama zake, na ndiyo maana linauma. Matufe aliyoyadharau kama somo la watoto ndiyo pekee yanayoweza kumwokoa, na hayamsikilizi. Yanazunguka, saa inasogea.

Limebaki suala la nyota na hiari ya mtu, ambalo huulizwa chini ya dhamira. Katika Juliasi Kaizari, Cassius anamwambia Brutus kwamba kosa la wao kuwa wanyonge haliko katika nyota, liko kwao wenyewe. Katika King Lear mzee Gloucester analaumu kupatwa kwa jua na mwezi, na mwanawe Edmund anabaki jukwaani akimcheka: watu, anasema, hufanya uovu wao kisha husingizia matufe. Othello naye, dakika chache baada ya kumuua mkewe, anaambiwa kuna mauaji mengine nje, anajibu kwamba mwezi umekosea njia, umeisogelea dunia kuliko kawaida na kuwatia watu wazimu. Angalia nani anasema nini. Wanaokana nguvu za nyota, Cassius na Edmund, ni wala njama. Anayezilaumu, Othello, ana damu mikononi. Hakuna upande ulio msafi, na mtahiniwa anayeandika tu kwamba "Shakespeare anapinga unajimu" amemsikiliza Edmund peke yake.

Mfano wa mwisho unahitaji maelezo kwetu. Caesar anaombwa na Metellus Cimber amsamehe ndugu yake aliye uhamishoni. Anakataa, akijifananisha na Nyota ya Kaskazini isiyotikisika. Nyota hiyo haionekani kusini mwa Ikweta, hivyo mwanafunzi wa Mwanza, Dodoma au Mtwara hajawahi kuiona akiwa kwao. Huonekana imetulia wakati nyingine zote zinaizunguka, na mabaharia wa kaskazini waliitumia kujua mwelekeo. Caesar anadai kwamba yeye ni kitu cha juu ya Mwezi, kisichobadilika. Muda mfupi tu baadaye anachomwa visu. Alikuwa wa chini ya Mwezi kama sisi sote.

3. Namna ya kujibu

Chukua swali hili: "Tamathali zinazohusu nyota hueleza hali ya ndani ya mhusika kuliko zinavyoeleza mbingu. Jadili kwa kutumia tamthiliya moja."

Jibu dhaifu huanza kwa kusimulia maisha ya Shakespeare, kisha hutaja nyota tatu na kurasa zake. Aya ifuatayo ni ya kiwango cha juu, na si ndefu:

"Caesar anapojilinganisha na Nyota ya Kaskazini, hasemi lolote jipya kuhusu mbingu, kila mtazamaji wa wakati ule aliijua nyota hiyo. Anachofichua ni jinsi anavyojiona. Katika imani ya zama zile, vitu vilivyo juu ya Mwezi havikubadilika wala kufa, kwa hiyo Caesar anajitoa katika kundi la wanadamu. Tamathali inatolewa huku waliokula njama wamemzunguka, kama nyota nyingine zinavyoizunguka Nyota ya Kaskazini. Mtazamaji anaona duara hilo kabla Caesar hajaliona. Kwa hiyo kiburi kilichomo katika sitiari ndicho kinachomzuia kuona hatari."

Tazama ilivyojengwa: mhusika, imani ya zama, mahali pa tukio jukwaani, kisha matokeo. Usiongeze historia ya Copernicus kwenye aya kama hii kwa sababu tu unaijua. Mtahini anatafuta tamthiliya.

Maswali ya mazoezi

Fafanua kwa nini tufe la Mwezi lilihesabiwa kuwa mpaka, kisha onyesha jinsi mpaka huo unavyosaidia kuelewa maneno ya Lorenzo kwa Jessica.

"Faustus anaangamizwa na wakati, si na shetani." Unakubaliana kwa kiasi gani na kauli hii?

Ukiwa mfasiri anayewaandikia wasomaji wa kusini mwa Ikweta, ungefanya nini na Nyota ya Kaskazini ya Caesar: ungeiacha kama ilivyo, ungeibadilisha kwa nyota nyingine, au ungetumia kitu tofauti kabisa kisichosogea? Toa sababu, na ueleze kinachopotea katika uamuzi wako.